VAT ya Dubai: dirham 335 zilirudi, 1,000 zikaondoka na kago

Mwenye kisa hiki ni dada mmoja mwenye duka la nguo za kike Kariakoo. Alikwenda Dubai kufuata mzigo na, kama ilivyo kawaida ya safari hizo, akanunua na vya kwake na vya kuagizwa na ndugu. Aliporudi aliniletea bahasha imejaa risiti. "Kaka, kila mahali nimekatwa VAT. Uwanjani wamenirudishia kiduchu. Nimeibiwa au?"

Hakuibiwa. Ila kati ya dirham 1,765 za VAT zilizokuwa kwenye ile bahasha, alirudi na 335 na senti zake, na kila dirham iliyobaki ina sababu yake. Kwa kuwa shughuli zangu ni za kutoa mizigo bandarini na uwanja wa ndege, naziona bahasha za namna hii mara nyingi, na hii ilikuwa na karibu kila kosa linalofanyika. Amekubali niieleze bila jina lake. Bei nimezisawazisha kidogo ili hesabu ifuatike kirahisi.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza kutoza VAT ya asilimia 5 tarehe 1 Januari 2018. Novemba mwaka huohuo ukaanza mpango wa kuwarudishia watalii, chini ya Mamlaka ya Kodi ya Shirikisho, na kampuni ya Planet ndiyo inayouendesha. Anayestahili ni mtu wa miaka 18 kwenda juu, asiye mkazi wa nchi ile, na asiye mfanyakazi wa ndege au meli anayoondoka nayo. Ankara iwe ya dirham 250 au zaidi, duka liwe limejiunga na mpango, na bidhaa itoke nchini ndani ya siku 90 tangu inunuliwe, ikiwa mikononi mwa mnunuzi mwenyewe au kwenye mabegi yake. Hayo maneno ya mwisho yashike, ndiyo yaliyomgharimu dada yetu zaidi ya mengine yote.

Kinachorudi si asilimia 5. Ni asilimia 85 ya VAT uliyolipa, kisha kwa kila ankara wanakata dirham 4.80 za huduma. Na VAT yenyewe imeshaingizwa ndani ya bei ya dukani, kwa hiyo kuipata unagawa bei kwa 105 na kuzidisha kwa 5. Ukipiga hesabu mpaka mwisho, mkononi unabaki na kama asilimia 4 ya ulichotoa mfukoni. Anayesema "Dubai wanakurudishia asilimia 5 ya manunuzi" hajawahi kukaa na kikokotoo.

Sasa bahasha. Nilianza na dhahabu maana ndiyo iliyokwenda sawa. Alinunua bangili kwenye soko la dhahabu la Deira kwa dirham 8,400. VAT ndani yake ni 400. Muuzaji alimwomba pasipoti kabla hata ya kupokea hela, akaingiza taarifa zake kwenye mfumo, na ankara ikatoka ikiwa imeunganishwa na namba ya pasipoti. Uwanjani alikuwa nazo kwenye mkoba wa mkononi, ofisa akaziangalia, akaidhinisha. Asilimia 85 ya 400 ni 340, toa 4.80, dirham 335.20. Hizo ndizo alizorudi nazo. Kwa kuwa dirham imefungwa na dola kwa 3.6725, ni kama dola 91. Niseme tu kwa wanaonunua dhahabu ya kuweka akiba: vipande vya dhahabu safi ya kiwango cha asilimia 99 kwenda juu, vya uwekezaji, kule vinatozwa VAT ya asilimia sifuri, kwa hiyo hapo hakuna cha kudai. Bangili, mikufu na pete ndizo zenye hiyo 5.

Ya pili ni kompyuta mpakato, dirham 4,200, kutoka duka kubwa la vifaa vya umeme kwenye moli. Nayo iliandikwa vizuri, pasipoti ilichukuliwa, kila kitu. VAT 200, iliyopaswa kurudi ni dirham 165.20. Haikurudi, na kilichotokea nakieleza taratibu kwa sababu kila safari yupo Mtanzania anayefanya hivyohivyo.

Alifika uwanjani amechelewa, na mabegi yake yalikuwa na uzito wa kubishaniwa. Akakimbilia foleni ya kaunta ya ndege, akahangaika kuhamisha nguo kutoka begi hili kwenda lile mpaka mzani ukakubali, akayakabidhi, akapewa pasi yake ya kupandia ndege, akashusha pumzi. Ndipo akaulizia mashine za VAT. Aliposkani pasipoti, mfumo ulimwelekeza kwenye dawati la ukaguzi badala ya kumpitisha moja kwa moja. Ofisa akaomba aone vitu. Bangili hizi hapa. Kompyuta iko wapi? Kompyuta ilikuwa kwenye begi, na begi limeshapita kwenye mkanda. "Akanitazama tu," dada anasema, "akaniambia, madam, I must see." Hana namna. Kazi yake yote pale ni kuthibitisha kwamba kitu kinaondoka nchini, na kitu hakionekani.

Kwa hiyo ukifika uwanjani, VAT inatangulia na kaunta ya mabegi inafuata. Na ingawa mashine huwapitisha wengi bila mtu kuangalia chochote, usijenge safari yako juu ya bahati hiyo. Vitu vyote vyenye ankara viweke juu kabisa kwenye begi moja. Mimi huwaambia watu wasifunge kwa nailoni mpaka VAT imeshapigwa muhuri, hata kama muhuri wenyewe siku hizi ni wa kidijitali.

Simu ilikuwa ya mdogo wake, dirham 3,150, VAT 150. Hii ilinunuliwa wiki moja kabla hajafika, na shemeji yake anayefanya kazi Dubai, kwa sababu kulikuwa na ofa. Shemeji ana ukaazi kule, kwa hiyo si mtalii, na wakati wa kulipa hakukuwa na pasipoti ya mtalii yeyote. Risiti ni halali, VAT imelipwa kweli, lakini haijaingia kwenye mpango na hakuna anayeweza kuiingiza baadaye kwenye uwanja wa ndege. Dirham 122.70 hizo zilikufa dukani. Jambo hili linawauma sana watu wenye ndugu Sharjah na Dubai, maana ndugu anakusaidia kwa moyo safi kabisa. Kama ofa inaweza kusubiri, isubiri mwenye pasipoti. Kama haiwezi, linganisha: punguzo la ofa mara nyingi linazidi hiyo asilimia 4, na basi nunua usijutie.

Manukato. Risiti tatu za dirham 105 kila moja, duka lilelile, siku tatu tofauti, kila siku alikumbuka mtu mwingine wa kumpelekea. Hakuna hata moja inayofika 250. Alisikitika sana kwa hizi, nami nikamfanyia hesabu: angezinunua zote kwa ankara moja ya 315, VAT ni 15, asilimia 85 ni 12.75, toa 4.80, zinabaki dirham 7.95. Teksi ya kurudi dukani ingezila zote. Kuna watu hutumia nusu siku ya Dubai kukimbiza dirham 8 huku wameacha mamia yamelala kwingine, na siwaelewi.

Mikoba ya dirham 1,900 ilitoka kwenye kiduka cha uchochoroni, risiti ya mkono, hakuna neno la kodi popote. Hapo hakuna kilichopotea. Duka ambalo mauzo yake hayafiki dirham 375,000 kwa mwaka halilazimiki kujisajili VAT, na lisilosajiliwa haliruhusiwi kukutoza. Dalili ya kutazama ni TRN, yaani namba ya usajili wa kodi ya muuzaji, ya tarakimu 15, juu ya ankara, pamoja na mstari unaoonyesha kodi. Kama havipo, hukulipa VAT, au kama muuzaji alikudanganya kwamba umelipa, pesa hiyo haikufika serikalini na serikali haitakurudishia. Hoteli nayo aliileta: ilikuwa na VAT na ile ada ya usiku inayoitwa Tourism Dirham. Malazi, chakula na huduma haviondoki nchini ndani ya begi, kwa hiyo havirudishwi kabisa. Nikaiweka pembeni, hata kwenye ile jumla ya 1,765 sikuihesabu.

Zikabaki nguo. Madera, abaya na magauni ya dirham 21,000 kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Deira, ankara safi, TRN ipo, VAT dirham 1,000 kamili. Hii ni zaidi ya nusu ya VAT yote aliyolipa safari nzima. Mzigo ulichukuliwa dukani na watu wa kago, ukapimwa kilo, ukaondoka. Yeye akarudi na begi lake.

"Hii nayo waliikataa?" nikamuuliza. Hakuiuliza hata. Muuzaji alimwambia duka lake halimo kwenye mpango wa watalii, akaamini mjadala umeishia hapo. Na kwa kweli hata lingekuwamo lisingemsaidia, kwa sababu mpango wa watalii hauhusu bidhaa ambazo mtalii haondoki nazo mwenyewe. Kago imeshakutoa nje. Hapa ndipo wafanyabiashara wetu wengi wanakata tamaa, wanaiandika kwenye gharama na kuisahau.

Lakini sheria ileile ya VAT ya Falme za Kiarabu ina mlango mwingine, na mlango huo umewekwa kwa ajili ya mzigo. Bidhaa inayouzwa kwenda nje inatozwa VAT ya asilimia sifuri. Kuna namna mbili. Ya kwanza, muuzaji mwenyewe anausafirisha mzigo mpaka nje. Ya pili, mnunuzi wa nje, asiye na makazi wala ofisi kule, anapanga usafiri wake mwenyewe, mzigo unatoka ndani ya siku 90, na muuzaji anapewa uthibitisho wa forodha na wa usafirishaji kwamba umetoka kweli. Na kanuni ya namna hii ya pili inasema wazi kuwa bidhaa zisiondoke mikononi mwa abiria. Yaani milango hii miwili haiingiliani: cha kwenye begi ni cha mpango wa watalii, cha kwenye kago ni cha mauzo ya nje. Mwenye duka la Kariakoo anakwenda Dubai akiwa watu wawili kwa wakati mmoja, na kila mtu ana dirisha lake.

Tofauti ya pesa nayo si ndogo. Kwa mtalii, kwenye VAT ya 1,000 unapata 845.20. Kwa mauzo ya nje hulipi kitu tangu mwanzo, 1,000 nzima inabaki kwako, hakuna asilimia 15 ya kukatwa.

Kwa nini basi hawaipati? Kwa uzoefu wangu, tatizo liko kwenye kago zetu. Kago ya kuchangia kontena, au ile ya ndege ya kupimwa kilo, inakusanya mizigo ya watu wengi na kuisafirisha kama mzigo mmoja. Hati ya forodha ya kutokea na hati ya usafirishaji zinatoka kwa jina la mkusanyaji. Ndani yake kuna madera ya dada, vipuri vya mtu wa Gerezani, vipodozi vya mtu wa Mwanza. Unachopewa wewe ni karatasi ndogo yenye kilo, namba ya mzigo na namba ya WhatsApp. Bei unaambiwa moja, "mpaka Dar," imejumuisha kila kitu, na wengi wanaipenda kwa sababu hiyohiyo: hakuna maswali. Ila ukimpelekea muuzaji wa Deira hiyo karatasi ya kilo, mhasibu wake ataicheka. Akikaguliwa bila uthibitisho, ile asilimia 5 ataitoa mfukoni mwake. Ndiyo maana anakutoza mapema. Mimi nisingemlaumu.

Na hasara haikomei Dubai. Ankara ya dirham 21,000 ikifika Dar ndiyo thamani inayoanzia hesabu, pamoja na nauli na bima. Ile 1,000 ya VAT ya Dubai imo ndani, kwa hiyo inatozwa ushuru wa forodha, kisha VAT ya hapa ya asilimia 18 juu yake. Hiyo 18 peke yake, kabla ya ushuru, ni dirham 180 zaidi. Ni kodi juu ya kodi. VAT ya hapa, kama biashara yako imesajiliwa, unaidai kwenye ritani. Ile ya Dubai, TRA hawana namna ya kukurudishia, hata ukiwapelekea ankara yenye mihuri kumi.

Watu wa Guangzhou huniuliza kama kwao ni tofauti. Kwa begi, China sasa ni rafiki zaidi kuliko zamani: tangu Aprili 2025 kiwango cha chini kwa duka moja kwa siku kimeshushwa kutoka yuan 500 hadi 200, na kwa bidhaa nyingi kiwango cha kurudishiwa ni asilimia 11 kabla ya makato ya huduma. Kontena la jumla halimo humo pia. Ulaya begi linalipa zaidi kwa sababu kodi yenyewe ni kubwa. Ufaransa ni asilimia 20 na ununuzi uzidi euro 100, Hispania tangu 2018 haina kiwango cha chini kabisa. Uingereza ndiyo inayonivutia katika habari hii. Tangu tarehe 1 Januari 2021 wamefunga dirisha la begi kwa England, Scotland na Wales, imebaki Ireland ya Kaskazini tu. Kwasi Kwarteng, waziri wa fedha wa wakati ule, alitangaza kulirudisha Septemba 2022, na mwezi uliofuata Jeremy Hunt aliyemrithi akalifuta kabla halijaanza. Lakini duka la London likikutumia bidhaa moja kwa moja nyumbani kwako Dar, bado linaweza kukuuzia bila VAT. Walifunga mlango wa abiria, wa mzigo wakauacha.

Nilimwandikia dada hesabu yake kwenye upande wa pili wa bahasha. Alichopata: 335.20. Angetanguliza VAT kabla ya mabegi: 165.20 nyingine. Simu ingenunuliwa kwa pasipoti yake: 122.70. Manukato, tusiyaongelee. Na nguo: 1,000. Akaikodolea macho ile 1,000 kwa muda, halafu akampigia muuzaji wa Deira palepale, spika wazi, Kiswahili cha Deira kile kilichochanganyika na Kiingereza na Kiarabu.

Kwa mzigo uliokwishaondoka, jibu lilikuwa hapana. Ulitoka kwa jina la kago, hati za jina lake hazipo, na hesabu za mwezi ule alikwisha kuziwasilisha. Kwa mzigo ujao alikubali, kwa masharti. Ankara iandikwe jina la biashara ya dada na anuani yake ya Dar, ionyeshe VAT sifuri. Dada aache dhamana ya asilimia 5 taslimu, irudishwe hati zikifika. Na hati anazozitaka ni mbili: ya forodha inayoonyesha mzigo umetoka, na ya usafirishaji, zote zikiwa na namba ya ankara yake au orodha ya mizigo inayoitaja.

Hilo la mwisho ndilo tunalolishughulikia sasa na watu wa kago. Mmoja kakataa, anasema hawezi kufungua orodha ya wateja wake. Wa pili kakubali kutoa tamko la forodha la mzigo wa dada peke yake, ila anataka dirham 150 zaidi kwa kila tamko na mzigo usipungue kilo 200. Kwa nguo za dirham 21,000 inalipa vizuri. Kwa mzigo wa dirham 3,000, ambao VAT yake haifiki hata hizo 150, dada ataendelea na kago yake ya zamani na karatasi yake ya kilo.